Mtoto Asipoongezeka Uzito: Sonona ya Mama, Unyonyeshaji na Ukuaji wa Mtoto

Utangulizi

Siku ya kliniki ya mama na mtoto huanza mapema. Akina mama huketi kwenye mabenchi wakiwa na kadi mkononi, watoto huvuliwa nguo na kupimwa mmoja baada ya mwingine, kisha muuguzi huweka nukta kwenye chati ya ukuaji. Nukta ikipanda, mama hupongezwa. Ikibaki palepale au ikishuka, maswali huanza: Je, mtoto ameharisha? Ananyonya mara ngapi? Anapewa kitu kingine? Maswali hayo ni ya lazima. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo mara nyingi halipati nafasi: mama mwenyewe anaendeleaje?

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini wahudumu wengi wa afya watautambua. Mama wa miaka 23 amemleta kliniki binti yake wa kwanza mwenye umri wa miezi minne. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, akafikisha kilo 4.9 alipotimiza miezi miwili, na leo ana kilo 5.2. Bado hajafikia kiwango cha uzito pungufu, lakini mstari wake wa ukuaji umelala. Mama anaeleza kwa sauti ya chini kwamba maziwa hayatoshi na kwamba ameanza kumpa uji mwepesi. Mtoto akilia, anayemtuliza ni mama mkwe. Muuguzi anamshauri mama aache uji, anyonyeshe mara nyingi zaidi, na arudi mwezi ujao.

Ushauri huo ni sahihi, lakini haukugusa jambo ambalo mama hakuulizwa. Kwa wiki sita sasa hapati usingizi hata mtoto anapolala, chakula hakimpendezi, na kila siku inayopita humthibitishia kwamba ameshindwa kuwa mama. Makala haya yanaeleza jinsi sonona ya mama, unyonyeshaji na uzito wa mtoto vinavyohusiana, na kwa nini nukta isiyopanda kwenye chati inamtaka mhudumu amchunguze mtoto na pia amsikilize mama.

Sonona baada ya kujifungua ni nini?

Sonona ni ugonjwa unaoathiri hisia, fikra, mwili na utendaji wa mtu. Si uvivu, si upungufu wa imani, wala si dalili kwamba mama hampendi mtoto wake. Dalili zake kuu ni mbili: huzuni au moyo mzito kwa sehemu kubwa ya siku, na kupoteza hamu ya mambo ambayo hapo awali yalimfurahisha. Dalili hizo huambatana na kuvurugika kwa usingizi, mabadiliko ya hamu ya chakula, uchovu, kushindwa kutuliza fikra, kujilaumu kupita kiasi, na wakati mwingine mawazo ya kufa au kujidhuru. Dalili zikidumu kwa wiki mbili au zaidi na kuvuruga maisha ya kila siku, mama anahitaji kuchunguzwa na kutibiwa.

Ni muhimu kutofautisha hali tatu. Ya kwanza ni huzuni ya siku za mwanzo, inayowapata akina mama wengi siku chache baada ya kujifungua. Mama hulia bila sababu ya wazi, hukasirika upesi, kisha hali hiyo hutoweka yenyewe ndani ya wiki mbili bila dawa. Ya pili ni sonona yenyewe, ambayo haitoweki upesi namna hiyo, na ambayo inaweza kuanza wakati wa ujauzito au wakati wowote katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Ya tatu ni ugonjwa mkali wa akili unaowapata takriban wanawake 1 hadi 2 katika kila 1,000 wanaojifungua: mama husikia sauti zisizokuwepo, huamini mambo yasiyo ya kweli, huchanganyikiwa au hukesha bila kuhisi uchovu. Hali hii ya tatu ni dharura, na mama anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hukaribia asilimia 20. Kwa hiyo, mahali ambapo akina mama ishirini wamekaa kwenye mabenchi ya kliniki, si ajabu wawili, watatu au hata wanne miongoni mwao wakawa wanaishi na hali hii.

Wengi wao hawatasema kwamba wana sonona, na huenda neno hilo hawalijui kabisa. Atakachosema mama ni kwamba ana mawazo mengi, kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, au maziwa hayatoki. Mhudumu anayesubiri kusikia neno "huzuni" anaweza kumsubiri mama huyo kwa muda mrefu bila kumtambua.

Sonona huingilia wapi katika unyonyeshaji?

Ili kuelewa uhusiano huu, inafaa kukumbuka jinsi maziwa yanavyotengenezwa na kutoka. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo wa mama, nao ubongo huachilia homoni mbili. Prolaktini huamuru titi litengeneze maziwa. Oksitosini hukaza misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa ili maziwa yatiririke kuelekea kwenye chuchu. Juu ya homoni hizo ipo kanuni moja rahisi: titi linalonyonywa hadi kulainika hutengeneza maziwa zaidi, na titi linaloachwa likiwa limejaa hupunguza utengenezaji.

Maumivu, hofu na msongo wa mawazo vinaweza kuchelewesha kwa muda kutolewa kwa oksitosini. Maziwa yamo titini lakini yanachelewa kushuka. Mtoto hukasirika na kuachia titi. Mama huona kilio hicho kama uthibitisho kwamba hana maziwa. Akimpa uji, maziwa ya ng'ombe au maji, mtoto hushiba na kunyonya kidogo. Titi halinyonywi vya kutosha. Na siku chache baadaye maziwa hupungua kweli. Hofu iliyoanza bila msingi huwa imejitengenezea msingi wake.

Sonona huongeza mzigo mwingine juu ya huo. Mama aliyechoka kupita kiasi hushindwa kuamka usiku kunyonyesha. Mama anayejiona hafai hukata tamaa upesi chuchu zinapopata michubuko au mtoto anaposhindwa kushika titi vizuri, matatizo ambayo kwa kawaida hutatuliwa kwa kurekebisha mkao. Aidha, uhusiano huu huenda pande zote mbili. Utafiti uliofuatilia maelfu ya akina mama katika eneo la Bristol, Uingereza, ulionyesha kwamba waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona ni wale waliokusudia kunyonyesha kisha wakashindwa. Mama wa namna hiyo anahitaji msaada wa vitendo na maneno ya faraja. Kumkaripia ni kumwongezea ugonjwa.

Jambo moja lisisitizwe kwa akina mama na familia: sonona haiharibu maziwa. Maziwa ya mama mwenye huzuni hayana sumu wala hayampi mtoto ugonjwa wa mama. Yanabaki kuwa chakula bora kuliko vyote kwa mtoto huyo.

Kutoka titini hadi kwenye mizani

Mtoto mchanga hupoteza kiasi cha uzito katika siku za kwanza, kisha huurudia uzito wake wa kuzaliwa kufikia takriban wiki ya pili. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya mwanzo, huongezeka kwa wastani wa gramu 20 hadi 30 kwa siku. Watoto wengi huwa na uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa wanapokaribia miezi mitano au sita. Mtoto anayeongezeka gramu 300 tu katika miezi miwili, kama yule wa mfano wetu, yuko mbali na mwendo huo, hata kama nukta yake bado haijaingia eneo la hatari.

Katika miezi sita ya kwanza, njia kuu ya sonona kufikia uzito wa mtoto ni kunyonyeshwa pungufu na kuanzishiwa vyakula vingine mapema. Vyakula hivyo huja na vijidudu, na kuhara humwondolea mtoto hata kile kidogo alichopata. Baada ya miezi sita hufunguka njia nyingine. Kumlisha mtoto mdogo ni kazi ya subira: kutambua kwamba ana njaa kabla hajalia, kumbembeleza anapokataa, kumpa mara nyingi kwa siku, kuchanganya vyakula. Sonona hunyang'anya hasa uwezo huo wa kutazama, kuitikia na kurudia. Vilevile mama mgonjwa huweza kukosa kliniki, kuchelewa chanjo, au kushindwa kumpeleka mtoto kituoni homa inapoanza.

Uhusiano huu una uzito wa pekee nchini Tanzania. Utafiti wa Kitaifa wa Hali ya Uzazi na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee, na kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu. Umaskini, maradhi na uhaba wa chakula vina nafasi kubwa katika takwimu hizo. Afya ya akili ya mama ni sababu mojawapo ambayo mizani haiwezi kuionyesha.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 2011, jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchambuzi uliojumuisha tafiti 17 kutoka nchi 11 zinazoendelea, zenye jumla ya akina mama na watoto karibu 14,000. Watoto wa akina mama wenye sonona au dalili zake walikuwa na uwezekano wa kuwa na uzito pungufu mara 1.5 ikilinganishwa na watoto wengine, na uwezekano wa kudumaa mara 1.4.

Matokeo haya hayafanani kila mahali. Utafiti uliolinganisha nchi nne, uliochapishwa mwaka 2005, uliona uhusiano huo nchini India na Vietnam, lakini haukuuona waziwazi nchini Peru na Ethiopia. Kusini mwa Malawi, watoto waliopimwa walipoletwa kwa chanjo ya surua walikuwa wafupi zaidi ikiwa mama zao walikuwa na matatizo ya afya ya akili. Kwa hiyo si kila mama mwenye sonona atakuwa na mtoto mwenye uzito pungufu. Akina mama wengi huendelea kunyonyesha vizuri wakiwa katika maumivu makubwa ya nafsi, na si haki kuwahukumu kwa ugonjwa ambao hawakuuchagua.

Funzo kubwa zaidi lilitoka vijijini Rawalpindi, Pakistan. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wahudumu wa afya wa jamii, ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, walifundishwa njia rahisi ya mazungumzo ya tiba na kuwatembelea nyumbani wanawake wenye sonona tangu ujauzito. Mtoto alipofikisha miezi sita, asilimia 23 ya akina mama waliopata huduma hiyo bado walikuwa na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wale ambao wahudumu wao hawakupewa mafunzo hayo. Watoto wao waliharisha mara chache zaidi, walikamilisha chanjo kwa wingi zaidi, na wazazi walicheza nao zaidi. Hata hivyo, uzito na urefu wa watoto wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. Kwanza, sonona ya mama inatibika hata pale ambapo hakuna daktari bingwa. Pili, kumtibu mama peke yake hakutoshi kupandisha nukta ya mtoto, kama vile kumlisha mtoto peke yake hakumponyi mama. Huduma hizo mbili zinapaswa kutolewa pamoja.

Kubemenda na mzigo wa lawama

Katika jamii nyingi za Tanzania, mtoto anayedhoofika husemwa kwamba "amebemendwa": wazazi walikutana kimwili mapema mno wakati mama ananyonyesha, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba tendo la ndoa linaharibu maziwa au kumdhoofisha mtoto. Kinachoweza kumwathiri mtoto ni mimba ya haraka inayosababisha aachishwe kunyonya ghafla, na jambo hilo huzuiwa kwa uzazi wa mpango.

Madhara ya imani hii humwangukia zaidi mama. Mtoto aliyekonda huwa shtaka linaloonekana na kila mtu. Mama huanza kumfunika mtoto kwa nguo nyingi, hukwepa kliniki, au huacha kunyonyesha kwa kuogopa kwamba maziwa yake yana kasoro. Aliyeingia kwenye huzuni kwa sababu ya uzito wa mtoto huzama zaidi, na mtoto hupoteza uzito zaidi. Mhudumu anayemsema mama mbele ya wenzake siku ya kliniki, hata kwa nia njema, huongeza sauti yake kwenye shtaka hilohilo.

Mhudumu wa afya afanye nini?

Mtoto asipoongezeka uzito inavyotakiwa, hatua zifuatazo zinaweza kufuatwa hata katika zahanati yenye wahudumu wachache.

1. Mtoto achunguzwe kwanza: homa, kuhara, kikohozi, vidonda vya kinywani, dalili za kifua kikuu, na hali ya maambukizi ya VVU pale inapohusika. Mtoto wa miezi sita na zaidi apimwe pia mzunguko wa mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja.

2. Mama aombwe kunyonyesha palepale, na mhudumu atazame. Kinywa cha mtoto kiwe wazi, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya eneo jeusi iingie kinywani. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku.

3. Mama aulizwe faragha, mbali na mume, mama mkwe au jirani aliyemsindikiza. Maswali mawili yanatosha kufungua mlango: "Mama, katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa?" na "Umepoteza hamu ya mambo uliyozoea kuyafurahia?" Akijibu ndiyo kwa lolote, uchunguzi uendelee.

4. Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa na John Cox na wenzake mwaka 1987, kinaweza kutumika. Kina maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 30. Alama 13 au zaidi huashiria uwezekano mkubwa wa sonona. Alama hizo hazithibitishi ugonjwa. Uthibitisho hutokana na mazungumzo na uchunguzi.

5. Mama aulizwe waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizii mama wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, familia ishirikishwe, na rufaa ifanyike siku hiyohiyo.

6. Mama aulizwe pia kuhusu usalama wake nyumbani. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa kupata dalili za sonona zaidi ya mara tatu.

7. Tarehe ya kurudi iwe ya karibu: baada ya wiki moja au mbili. Mwezi mzima ni mrefu mno kwa mtoto mchanga na kwa mama anayeteseka.

Tiba na usalama wa dawa

Sonona isiyo kali hutibiwa kwa mazungumzo ya tiba, msaada wa familia, mapumziko na ufuatiliaji. Sonona kali huhitaji dawa pamoja na mazungumzo. Akina mama wengi huacha ama dawa ama kunyonyesha, wakidhani haviwezi kwenda pamoja. Ukweli ni kwamba dawa nyingi za sonona hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo. Setralini hupendelewa kwa mama anayenyonyesha kwa sababu kiasi kinachomfikia mtoto ni kidogo sana, na amitriptilini nayo hupita kwa kiwango kidogo. Fluoksetini hukaa mwilini kwa muda mrefu, hivyo ni vema kuiepuka pale ambapo dawa nyingine ipo. Uamuzi ufanywe na mtaalamu pamoja na mama, na mtoto afuatiliwe kama anasinzia kupita kiasi, ananyonya hafifu au haongezeki uzito. Mama asianze wala kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nafasi ya baba na familia

Katika familia nyingi, mzazi hupata msaada mkubwa katika siku arobaini za mwanzo. Mama yake, shangazi au mama mkwe huwapo. Humpikia, humwogeshea mtoto, humwacha apumzike. Arobaini ikiisha, wageni huondoka, maji ya kuchota na moto wa kuwasha hurudi mikononi mwa mama, naye hutarajiwa kuwa mzima. Sonona haihesabu arobaini. Familia inapaswa kuendelea kutazama na kusaidia katika miezi inayofuata.

Baba ana kazi tatu za wazi: kuhakikisha mama anakula na kupata saa kadhaa za usingizi, kumsindikiza kliniki, na kumlinda dhidi ya maneno ya kulaumu. Mtoto akilia usiku, baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kumletea mama mtoto, kumcheulisha na kumrudisha kulala.

Hitimisho

Mama wa miaka 23 wa mfano wetu angeweza kuondoka kliniki kwa njia nyingine. Muuguzi angemwita pembeni kwa dakika kumi, akamuuliza maswali mawili, na kumwacha alie bila kumharakisha. Angerekebisha mkao wa mtoto titini, akamweleza kwamba maziwa yake ni mazima na yanaweza kuongezeka, akazungumza na mama mkwe kuhusu kugawana kazi za nyumbani, kisha akampa tarehe ya wiki ijayo na rufaa ya ushauri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kifaa kipya.

Na mama anayesoma makala haya, ambaye kwa zaidi ya wiki mbili amekuwa akiamka na moyo mzito, asisubiri kuulizwa. Siku ya kliniki, baada ya mtoto kushushwa kwenye mizani, anaweza kumwambia muuguzi kwa maneno yake mwenyewe: "Dada, na mimi siko sawa." Kauli hiyo inastahili kusikilizwa kwa uzito uleule unaopewa nukta ya mtoto kwenye chati.